Tuwatunze kwa Asili, Lakini Asili Ipi?



Ndugu wasomaji, wale mnaokuja kusali nasi Misa ya Jumapili mnalijua bwawa letu la sato, lile lililo nyuma ya madarasa, chini kidogo ya banda la mbwa. Mwaka jana, asubuhi moja ya Jumamosi, tulilikuta bwawa hilo ni jeupe. Si maji yaliyobadilika rangi. Yalikuwa matumbo ya samaki. Walikuwa wameelea wote, wakubwa kwa vifaranga, na wachache waliokuwa bado hai walizunguka juu ya maji midomo wazi. Tuliopoa mizoga kwa ndoo mpaka kengele ya chakula cha mchana. Jikoni wakatuuliza kama tuwapikie hao hao. Tukasema hapana, tukawazika chini ya migomba.

Wapo waliosema ni hujuma ya majirani. Haikuwa hujuma. Aliyewaua samaki tulikuwa sisi wenyewe, tena kwa nia njema kabisa.

Ilikuwa hivi. Mbwa wetu watatu walikuwa wamejaa kupe mpaka ndani ya masikio. Dawa ya kuogeshea mifugo ilikuwa imekwisha, na mmoja wetu akakumbuka kwamba kwao wazee waliwaosha ng'ombe kwa majani ya utupa. Utupa tulikuwa nao, umepandwa mpakani mwa shamba kwa ajili ya kurutubisha udongo. Basi tukachuma, tukatwanga, tukaloweka usiku kucha, na Ijumaa alasiri tukawaosha mbwa. Kupe walilegea kweli, wengine wakaanguka. Tulifurahi sana. Tulijisifu hata mezani kwamba tumeacha sumu za viwandani na kurudia dawa za Mungu zilizo shambani. Maji yaliyobaki tukayamwaga palepale bandani. Usiku mvua ikanyesha.

Mtu yeyote aliyelelewa karibu na mto au ziwa angetuambia mapema: utupa ndiyo sumu ambayo watu wameitumia tangu zamani kuvulia samaki, na kuvua kwa sumu kumekatazwa na sheria za nchi. Ndani ya majani yake mna kitu kiitwacho rotenoni. Ngozi ya mbwa haikipitishi kwa urahisi, lakini mashavu ya samaki hukinywa moja kwa moja, kikaingia katika damu na kuzuia mwili usiitumie hewa. Samaki anakufa kwa kukosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele. Ndiyo maana walikuwa wanahema vile.

Tumelisimulia jambo hili, pamoja na aibu yake, kwa sababu mwaka huu kikundi chetu cha mazingira kimeulizwa mara nyingi, na mafrateri wenzetu na waamini wa parokia jirani, juu ya kufuga kwa njia ya asili. Wengine wana mbwa na paka nyumbani, wengine wameanza kuweka tangi la samaki wa mapambo sebuleni, na karibu wote wamechoshwa na bei za madukani na maandishi madogo ya kwenye chupa. Hamu hiyo tunaiunga mkono. Lakini neno lenyewe, "asili", linatumika ovyo. Utupa ni wa asili. Kichaa cha mbwa nacho ni cha asili. Nyoka aliyemng'ata kuku wa Sista wiki iliyopita hakutoka kiwandani.

Katika mijadala ya namna hii hakikosekani mtu wa kuleta kitabu cha Tobiti. Na ni haki yake, maana sijui kama kuna kitabu kingine cha Biblia ambamo mbwa na samaki wamo safarini pamoja. Tobia anaondoka nyumbani na malaika Rafaeli, mbwa anawafuata. Wakifika mtoni samaki mkubwa anamrukia mguuni, malaika anamwambia amkamate na kuhifadhi nyongo, moyo na ini. Na mwisho nyongo ile inamfungua macho baba yake, ambaye waganga walikuwa wamempaka dawa mpaka upofu ukazidi. Mnaona, wanasema, waganga wameshindwa, dawa ya asili imeponya!

Hatulisomi hivyo. Tobia hakujiokotea nyongo kwa kubahatisha. Aliambiwa na anayejua, akaambiwa ni sehemu ipi, ya kazi gani, na namna ya kuitumia. Jina la malaika mwenyewe lina maana ya kwamba Mungu anaponya. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anayaweka mambo mawili katika ukurasa mmoja bila kuyagombanisha: Mungu ameziotesha dawa katika ardhi, na Mungu huyo huyo amemuumba tabibu, kwa hiyo apewe heshima yake. Sisi tulichukua nusu ya kwanza tukaiacha ya pili. Tungemuuliza afisa mifugo wa kata, ambaye ofisi yake haifiki kilometa 2 kutoka hapa, tungekuwa na sato wetu hadi leo.

Kwa maoni yetu, basi, kufuga kwa asili hakuanzi na dawa. Kunaanza na kumjua kiumbe alivyoumbwa: anakula nini, anaishi katika maji gani, anahitaji wenzake au anapenda kukaa peke yake, anatembea umbali gani kwa siku. Anayelijua hilo hatahitaji dawa nyingi. Asiyelijua atanunua chupa au atatwanga majani, na kwa vyovyote atakosea.

Tuchukue tangi letu la samaki lililo katika chumba cha kusomea. Padre mmoja mwenye asili ya Kigoma alituletea samaki 8 wadogo wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Ziwa hilo lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato na furu, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Huko Ulaya watu hulipa fedha nyingi kuwapata. Sisi tulipewa bure, na katika wiki mbili tukawaua watano.

Kosa la kwanza lilikuwa usafi. Hapa seminarini tunafundishwa usafi, na ni jambo jema, lakini tangi si sufuria. Tulilisugua kwa sabuni, tukaosha changarawe kwa maji ya moto, tukajaza maji mapya, tukawatia samaki siku hiyo hiyo. Tuliona maji maangavu tukadhani ni maji mazuri. Kumbe samaki hutoa amonia kwa mashavu na kwa kinyesi, na amonia ni sumu. Ziwani zipo bakteria zinazoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na nyingine zinazoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia ikiwa kidogo na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hizo hukaa juu ya mawe, mchanga na sifongo ya chujio. Hazionekani kwa macho na hazijengeki kwa siku moja. Huchukua wiki 4 hadi 6. Nasi tulikuwa tumeziondoa zote kwa sabuni.

Kosa la pili lilitokana na neno lile lile. Tulitumia maji ya mvua kutoka tenki la paani kwa sababu hayana klorini, ni ya asili, yametoka mbinguni. Lakini maji ya mvua ni laini, hayana chokaa. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye chumvichumvi nyingi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Kumtoa samaki katika maji hayo na kumtia katika maji ya mvua ni kama kumtoa mtu Ujiji na kumlaza kileleni Kibo bila blanketi. Maji ni ya asili, ndiyo, ila si asili yake yeye.

Watatu waliobaki tuliwaokoa kwa mambo ya bei ndogo. Tulitia mawe ya chokaa na magamba ya konokono chini, ambayo taratibu huyafanya maji kuwa magumu, na ambayo samaki hawa huyafanya nyumba zao. Tuliacha kubadilisha maji yote kwa mkupuo. Sasa tunatoa robo tu kila wiki na kuongeza maji yaliyolala kwenye ndoo. Anayetumia maji ya bomba ayaache wazi walau siku nzima ili klorini itoke. Sifongo ya chujio tunaikamua katika maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba. Na chakula tunatoa kidogo, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana kila frateri anayepita anaona samaki wamemkimbilia kiooni na anawahurumia. Samaki wa tangini wengi wanakufa kwa huruma, si kwa njaa. Tumebandika karatasi yenye jina la mwenye zamu, na mtu mwingine haruhusiwi kutupa hata punje.

Siku hizi mmoja wao amefukua mchanga mpaka gamba lake limezama, limebaki tundu tu juu, na hapo ndipo anapojificha mtu akipita. Hakuna aliyemfundisha. Tunakiri kwamba wakati wa kujisomea wapo wanaomtazama yeye zaidi ya kitabu.

Mimea ya majini ni msaada mkubwa pia, hasa kwa samaki wengine wasiokuwa wa maji magumu, kwa kuwa inakula ile nitrati. Lakini hapa tuna onyo kwa ndugu zetu wa kanda ya ziwa. Msichume mimea wala konokono kwenye vidimbwi na kando ya ziwa na kutia tangini, halafu mkaingiza mikono humo. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Konokono mwenye maambukizo akiwa sebuleni anaendelea kuvitoa majini kama alivyokuwa akivitoa ziwani. Na upande wa pili, msimwage samaki, konokono wala majani ya tangini mtoni mkiwa mmechoka kuyatunza. Ziwa Victoria limeshaonja pande zote mbili za jambo hili: sangara walioingizwa kuanzia miaka ya 1950 wamechangia kupotea kwa aina nyingi mno za furu, na gugumaji tunalijua sote. Lile gugu lilianza kuvushwa kutoka Amerika ya Kusini kwa sababu lina maua mazuri.

Sasa tuje kwa mbwa na paka, ambako madhara ya neno "asili" hayaishii kwa wanyama.

Kuhusu chakula hatuna ugomvi mkubwa na desturi zetu. Mbwa ameishi na watu muda mrefu hata tumbo lake limezoea wanga. Ugali wenye dagaa au masalia ya nyama unamfaa, usiwe na vitunguu, maana vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Wapo wanaompa mbwa saumu kila juma wakidhani wanatoa minyoo. Waache. Mifupa iliyopikwa nayo huvunjika vipande vikali. Paka ni habari nyingine: yeye kwa asili ni mla nyama, na ugali na maziwa havimtoshi. Kuna kitu kilichomo ndani ya nyama na samaki ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha. Akikikosa muda mrefu moyo hudhoofika na macho hupofuka. Watu wengi hapa kwetu wanamnyima paka chakula ili akamate panya. Msemo wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu tunaupenda, lakini hata mgeni hulimishwa ameshakula.

Ya dawa za nyumbani tuseme kwa haraka. Asali safi juu ya kidonda ni dawa ya kweli, hata hospitali huitumia. Oili chafu ya gari anayopakwa mbwa mwenye ukurutu ni sumu; anailamba, na ngozi inaungua. Panadoli, hata nusu kidonge, humuua paka. Dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, zinazouzwa kwa ajili ya mbwa, nazo humuua paka, na pareto yenyewe, ua lile jeupe la Nyanda za Juu Kusini, ni sumu kali kwa samaki. Tumeshajifunza. Siku hizi mbwa wanaogeshewa upande wa pili wa mlima.

Na minyororo. Mbwa anayefungwa usiku na mchana, akichapwa ili awe mkali, huyo hafugwi kwa asili hata kama anakula nyama mbichi. Mbwa ni kiumbe wa kutembea na wa kuwa na wenzake. Ule wa Tobia ulikuwa unatembea na watu. Samahani, yule, hata lugha yetu imemweka mbwa katika ngeli ya wenye uhai, sisi ndio tunaomshusha kuwa kitu.

Lakini lililotusukuma kuandika ni hili. Miezi mitatu baada ya msiba wa samaki, mbwa wetu Simba alimng'ata mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tatu, aliyeruka ua kuokota mpira. Jeraha lilikuwa mkononi, si kubwa. Mama yake alilipaka majani yaliyopondwa, akalifunga. Alikuja kwetu jioni, kwa upole sana, akauliza swali moja tu: mbwa huyu amechanjwa?

Hakuwa amechanjwa. Miaka miwili iliyokuwa imepita tuliacha kuchanja. Sababu ya kwanza ilikuwa fedha, na ya pili, tuseme ukweli, ilikuwa maneno: kwamba mbwa wa kienyeji ana kinga yake ya asili, kwamba sindano zinawadhoofisha, kwamba wazee hawakuchanja mbwa. Wazee hawakuchanja, na wazee walizika watoto.

Kichaa cha mbwa hakina dawa ya asili. Wala hakina dawa ya hospitali, dalili zikishaanza. Mtu akishaanza kuogopa maji, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, vingi Afrika na Asia, na katika kila 10 karibu 4 ni vya watoto walio chini ya miaka 15. Na karibu vyote vimetoka kwa mbwa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika kabisa: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, bila kupakwa pilipili, mafuta wala majani, kisha mtu akimbizwe kwenye sindano. Sabuni ile ile iliyoua tangi letu ndiyo inayoanza kumwokoa mtoto.

Tulilifungua jeraha, tukaliosha usiku ule ule. Kituo cha kwanza tulichokwenda hakikuwa na sindano. Cha pili pia. Cha tatu kilikuwa nazo, mjini, na seminari ililipa zote pamoja na nauli, maana kwa familia ya mkulima fedha hizo si kidogo. Simba tulimfungia bandani kumwangalia, kwa sababu mbwa mwenye kuambukiza wakati wa kung'ata huugua na kufa ndani ya siku 10. Siku hizo 10 zilikuwa ndefu. Kila asubuhi kabla ya Masifu mmoja wetu alishuka na tochi kuona kama anakula, kama anatokwa mate, kama sauti yake imebadilika. Mama wa mtoto naye alikuja kila siku kumtazama, anasimama mbali kidogo na ua, anaondoka bila kusema kitu. Siku ya 11 Simba alikuwa akitikisa mkia. Mtoto yu mzima na mpira amerudishiwa. Mama yule hajatulaumu mpaka leo, jambo ambalo limetuumiza kuliko lawama.

Wapo watakaosema, na mmoja wa walezi wetu amekwisha kusema, kwamba tunatumia maneno mengi juu ya mbwa na samaki wakati watu hawana dawa. Ni hoja nzito, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe inaizungumzia katika namba 2418. Inasema kinyume cha heshima ya mwanadamu ni kuwatesa wanyama bila sababu, na papo hapo inaonya kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Tunakubali. Hatutetei vitanda vya paka wala sabuni za mbwa zenye manukato. Lakini hesabu zetu wenyewe za mwaka jana zinatufundisha jambo: sindano za mtoto mmoja na nauli za kuzifuata zilizidi mara nyingi gharama ya kuwachanja mbwa wetu wote watatu. Aliyebana fedha kwa mbwa aliishia kumtesa binadamu. Hayati Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si', mwaka 2015, kwamba kila kitu kimeunganika. Tulilisoma darasani tukalipa alama nzuri kwenye mtihani. Banda la mbwa, bwawa na mkono wa mtoto wa jirani vilitusomesha upya.

Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Si nadharia tu. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa mfululizo, kichaa kikatoweka. Baadaye kikarudi kutoka nje, wakachanja tena, kikatoweka tena. Kuwafikia mbwa 70 katika 100 si kazi ya serikali peke yake, maana afisa mifugo hajui kila nyumba yenye mbwa. Jumuiya ndogondogo inajua. Mwenyekiti wa jumuiya anajua hata yule mbwa asiye na mwenyewe analala kwa nani.

Kwa hiyo tunalo pendekezo. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi ni tarehe 4 Oktoba, siku 6 tu baadaye, na sehemu nyingi hubariki wanyama siku hiyo. Kwa nini tuyatenganishe? Tumemwomba Baba Gombera, naye amekubali, kwamba mwaka huu baraka ya wanyama ifanyike Jumamosi iliyo kati ya tarehe hizo mbili, na afisa mifugo awe na meza yake palepale, hatua chache kutoka kwenye maji ya baraka. Mnyama atapita kwa padre, kisha kwa sindano, au kinyume chake. Tumebishana sana juu ya utaratibu huo na bado hatujaafikiana.

Mbwa waje na kamba, wenye zaidi ya miezi mitatu. Paka waje ndani ya tenga au mfuko wenye matundu, la sivyo tutawatafuta juu ya mnara wa kengele. Asiye na fedha ya sindano aseme kwa mwenyekiti wa jumuiya yake kabla ya Jumapili ya mwisho ya Agosti. Mafrateri wa kikundi chetu tumeuza mboga za bustani tangu Januari kwa ajili hiyo, na tunacho cha kuanzia. Wenye samaki wasiwalete. Walete chupa ndogo ya maji ya tangi lao, tutapima pH na amonia bure kwa vipimo alivyotuachia yule padre wa Kigoma, na tutawaonyesha samaki wetu watatu. Ambao kwa kweli, tangu juzi, si watatu tena: katika gamba moja kuna vitoto, vidogo kama kope, tumehesabu saba lakini havitulii.